Uzi Tumboni mwa Kitufe

Kuna watu wakiona vumbi hawatulii mpaka walifute. Mama Pindo ugonjwa wake ulikuwa uzi. Akiona uzi unaning'inia kwenye nguo ya mtu, hata awe hamjui, hata wawe kwenye foleni ya hospitali, mkono wake ulikwenda wenyewe: shika, vuta, kata. Siku moja alimvuta askari uzi begani, askari wa watu akaruka hatua nzima nyuma akidhani anavuliwa cheo. "Samahani baba, kulikuwa na uzi," alisema Mama Pindo, bila aibu hata chembe. Miaka thelathini na moja ya kushona, ulitegemea nini? Hilo jina lenyewe alipewa na wateja, maana pindo aliloshona yeye, nguo nzima ingechakaa, pindo likabaki.

Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Kulikuwa na cherehani moja ya miguu, moja ya umeme, meza ya kukatia iliyojaa makovu ya mkasi, kamba ya sketi za shule zinazosubiri marinda, na paka wawili. Hao paka ndio waliokuwa wenye duka, msidanganyike. Kiraka, jike la madoadoa, alikuwa mzito wa mwili na wa tabia, na alichagua kulala juu ya kitambaa kile kile ambacho mteja anakitaka leo. Kitufe, dume la kijivu lisilotimiza miaka miwili, hakujua kutulia. Aliirukia futi ya kupimia ikiwa shingoni mwa mtu. Alijificha ndani ya kapu la vipande akimvizia mteja, na mteja akiinama tu, jamani, kumbe kuna mkono wenye kucha. Asubuhi alikaa kando ya cherehani akiifuata sindano kwa kichwa, juu chini, juu chini, mpaka Mama Pindo anashindwa kushona kwa kicheko.

Wifi yake, dada wa mume, alikuwa amekuja kukaa wiki mbili akakaa miaka mitano. Hao paka yeye aliwaita wapangaji wasiolipa kodi.

"Na wewe je, wifi?" Mama Pindo alimuuliza.

"Mimi napika!"

Ni kweli alipika. Na ni kweli pia kwamba vichwa vya samaki vilitoweka jikoni kabla ya kufika jalalani, ila hilo tuliache.

Msije mkadhani Mama Pindo alikuwa mzembe na wanyama wake. Chanjo aliwapeleka kila mwaka. Dawa ya minyoo aliwapa mwenyewe, amewafunga kwenye taulo kama watoto wachanga, yeye na wifi wakitoka hapo wamechanika mikono. Na sindano zote alizihesabu kabla ya kufunga kazi, hata iwe amechoka vipi. Sindano alizihesabu. Uzi hakuuhesabu, nani anahesabu uzi? Vipande vilianguka chini ya meza, Kitufe akavichezea, Mama Pindo akacheka. Wahenga walishasema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa anacheka?

Jumatatu moja Kitufe hakuja kuangalia sindano. Alikuwa amejikunyata chini ya meza. Alitapika povu la njano, akalala, akatapika tena, akakataa hata kichwa cha samaki alicholetewa na mtu asiyependa paka. Jumanne asubuhi Mama Pindo akamwinua mkia aone kama anaharisha. Ndipo akauona: uzi mweusi, urefu wa kidole, unaning'inia.

Mtu mwingine angepiga kelele. Angeita jirani. Mama Pindo mkono wake ulikwenda wenyewe. Shika. Vuta.

Kitufe alitoa sauti ambayo Mama Pindo hajawahi kuisikia kwa paka wala kwa kiumbe chochote. Akauachia uzi kama umemchoma. Halafu, kwa kuwa mazoea yana taabu, akachukua mkasi akakata kile kilichoning'inia, pakawa safi. Baada ya hapo akautupa mkasi sakafuni.

"Wifi!" aliita. "Wifi, lete kikapu!"

Kliniki ya mifugo ilikuwa mtaa wa tatu kutoka pale, chumba kimoja kirefu kinachonuka dawa ya sakafu, na kalenda yenye picha ya ng'ombe ukutani. Daktari alikuwa mwanamke mrefu, wa makamo, mwenye buti za mpira, aliyezoea zaidi kuzalisha ng'ombe kuliko kubembeleza paka. Alimfungua Kitufe mdomo, akausukuma ulimi juu kwa kidole kutoka chini ya taya.

"Mnaona?"

Kwenye shina la ulimi uzi mweusi ulikuwa umejizungusha na kuzama nyamani. Ncha zake zilishuka kooni zikapotea. Daktari akaukata pale pale kwa mkasi mdogo, kisha akambonyeza tumbo taratibu, amefumba macho.

"Utumbo umejikusanya," alisema. "Ameanza kuumwa lini?"

"Jana, daktari."

"Kuna kitu chochote umempa? Chochote umemfanya?"

Mama Pindo akageukia ukutani. Akaangalia kalenda. "Hapana."

Wifi, aliyesimama mlangoni na kikapu, akakohoa. "Wifi, nimeuona mkasi sakafuni na kile kipande cha uzi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na atakayekufa hapa si wewe."

Hapo Mama Pindo akavunjika. "Niliuvuta," alisema. "Ulikuwa unaning'inia nyuma, nikauvuta, halafu nikaukata. Mimi ni fundi nguo, daktari. Huu mkono sijui hata nani anautuma."

Daktari hakumgombeza, na ingekuwa heri amgombeze. Alimuuliza tu kama aliuvuta kwa nguvu, na mara ngapi. Mara moja. Kisha akamweleza, polepole, kwamba uzi ulioshikwa juu ukivutwa chini hukata utumbo kama unavyokata mche wa sabuni. Kama ulikuwa umeshatoboa, uchafu umemwagika tumboni, na kwa paka aliyedhoofu namna ile hakukuwa na matumaini makubwa.

"Tutajuaje?"

"Tufungue tuone. Na tufungue sasa hivi."

Msaidizi wake alikuwa ametoka kwenda kuchanja mbuzi. Daktari alihitaji mtu wa kushika taa na kufuata maneno. Kabla hajauliza, wifi alishajieleza: "Mimi nikiona damu mtakuwa na wagonjwa wawili," akatoka nje na kikapu kitupu amekikumbatia.

"Mkono wako unatetemeka?" daktari alimuuliza Mama Pindo.

"Unatetemeka. Ukishika kazi hautatetemeka."

Alinawa mpaka viwikoni, akavaa glovu na barakoa. Kitufe alikuwa amelala chali, ameshachomwa dawa ya usingizi, tumbo limenyolewa. Lo! Alivyokuwa mdogo! Kumbe yule jambazi wa kapu la vipande, ukimwondolea manyoya, anaenea kwenye viganja viwili. Mama Pindo aliisogeza taa na kujiandaa kuona damu na vurugu.

Hakuona vurugu. Daktari alipofungua tabaka la mwisho, Mama Pindo aliona kazi ya mikono, ila mikono hiyo hakuijua. Kulikuwa na utando mwepesi kuliko shela yoyote aliyowahi kushonea bibi harusi, na ndani ya utando mishipa imetandazwa, mmoja unazaa miwili, miwili inazaa minne, mpaka inakuwa myembamba kuliko unywele, na hakuna hata mmoja uliopotea njia. Kila kitu kimekunjwa mahali pake, hakuna kilichobana wala kilichopwaya. Vyote hivyo vilikuwa vinarukaruka mapajani mwake kila siku na yeye anapiga kelele "toka kwenye kitambaa cha watu!"

"Mungu wangu," alinong'ona. "Huu mkato wa nani?"

"Mimi pia huwa najiuliza," daktari alisema. "Taa juu kidogo."

Kisha akautoa utumbo nje, na Mama Pindo akainama karibu. Ulikuwa umejikunja kunja, umefupika, umejaa mikunjo midogo iliyopangana sawasawa. Aliijua mikunjo ile. Ameitengeneza maisha yake yote.

"Marinda," alisema. "Uzi umepita katikati, kitambaa kimejikusanya juu yake. Ndivyo tunavyofanya kiuno cha sketi. Na ukitaka kuyafumua huvuti uzi wote, utachana. Unakata hapa, unakata pale, unatoa vipandevipande."

Daktari akamtazama juu ya barakoa. "Hivyo hivyo ndivyo tunavyofanya sisi. Ungekumbuka asubuhi, mama."

Maneno hayo yalimwingia, akaisogeza taa karibu.

Daktari akafungua utumbo mahali pa kwanza, kijitundu tu, akatoa kipande cha uzi. Mikunjo ikalegea. Akafungua mahali pa pili. Kila kijitundu alikifunga kwa sindano iliyopinda kama kucha ya paka mwenyewe, na uzi ambao Mama Pindo aliukodolea macho kuuona. Fundi ni fundi, alishindwa kujizuia.

"Mshono mzuri, daktari. Ila mwisho funga mara tatu."

"Nafunga mara nne. Tulia."

Mahali pa tatu palikuwa karibu na mwisho, upande ule ambao mkono wa Mama Pindo ulivuta. Pale utumbo haukuwa na rangi ya nyama. Ulikuwa mweusi wa zambarau, na uzi ulionekana kupitia ukuta wake, umekaza. Daktari aliinama, akafuta taratibu kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu.

"Haujatoboka," alisema mwishowe. "Umebaki ukuta mmoja, kama ganda la ndani la kitunguu."

"Ningevuta mara ya pili?"

"Usiulize."

Akautoa uzi wa mwisho. Mikunjo yote ikafunguka, utumbo ukarefuka na kulala. Lakini ile sehemu ya zambarau ilibaki vile vile. Daktari akaifunika kwa kitambaa cha uvuguvugu. Tusubiri, alisema. Ikirudi rangi, iko hai. Isiporudi, itabidi kuikata yote na kuunganisha, na alimwambia wazi kuwa haamini kama Kitufe angeamka kutoka kwenye kazi hiyo.

Wakasubiri. Mama Pindo hakuomba kwa maneno. Alishika taa tu, na mkono haukutetemeka. Moyoni alikuwa anausema mkono wake mwingine, ule uliovuta, anausema vibaya kuliko alivyowahi kumsema binadamu.

Daktari akafunua kitambaa. Pembeni kabisa, kwenye mpaka wa zambarau, palikuwa na mstari mwembamba wa waridi. Mama Pindo akadhani ni macho yake. Mstari ukapanuka. Rangi ikaingia ndani, ikatambaa bila haraka, kama chai inavyoingia kwenye mkate, mpaka weusi wote ukaisha. Halafu, bila mtu yeyote kuugusa, utumbo ukasinyaa mahali pamoja, msinyao ukasogea, ukapita juu ya ile sehemu iliyodhaniwa imekufa, ukaendelea na safari yake.

"Unatembea!" Mama Pindo alisema. "Daktari, unatembea! Nani kauambia?"

"Hakuna aliyeuambia."

Kitufe mwenyewe alikuwa hajui yuko wapi, ulimi nje, macho yamegeuka. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu kilichokuwa macho, na kilikuwa kimerudi kazini kabla hajaamka. Mama Pindo alilia ndani ya barakoa mpaka ikalowa, na taa hakuishusha.

Siku zilizofuata nyumba nzima ilifanya kazi ya uuguzi. Mama Pindo alimshonea Kitufe kola ya shingoni ya kitambaa kizito asilambe kidonda. Chakula alikipata laini, kijiko kwa kijiko. Kiraka alimnusa, akasikia harufu ya dawa, akamkoromea kama mgeni aliyeingia bila hodi. Sakafu ilifagiwa kila saa na vipande vya uzi vikaingia kwenye kopo lenye mfuniko. Wifi alihamishia mkeka wake chumba cha kushonea, akasema chumbani kwake kuna joto. Siku ya tatu ndiye aliyepiga kelele mpaka wapita njia wakasimama: "Wifi! Njoo! Amepata choo!" Na wakakumbatiana, watu wazima wawili, juu ya sanduku la mchanga.

Siku ya kumi na mbili walirudi kliniki kutoa nyuzi za tumboni. Daktari alimlaza Kitufe ubavu, akakata fundo la kwanza, akauvuta uzi ukatoka mzima. Mama Pindo, bila kujitambua, alikuwa ameshapeleka viganja vyote viwili chini ya tumbo. Katika miaka yake yote ya kushona, ukitoa uzi, mshono unaachia. Hakujua nguo isiyofanya hivyo. La pili. La tatu. Kila uzi ulipotoka vidole vyake vilikaza zaidi kukinga. La tisa.

"Nimemaliza, mama. Mwachie."

"Subiri kidogo."

"Tunasubiri nini?"

Hakumwachia. Kitufe alikuwa anajinyonganyonga, anataka kushuka, anaitazama kamba ya aproni ya daktari kwa ile tamaa yake ya zamani. Chini ya vidole vya Mama Pindo kulikuwa na mstari mwembamba, wa moto, unaopanda na kushuka na pumzi. Aliupapasa kutoka mwanzo mpaka mwisho, akaupapasa tena.

"Umeshika," alisema. "Hauna uzi hata mmoja, na umeshika."