Ruhusa Kutoka Qurum

Shangazi yangu alisomeshwa Unguja na walimu wa Kiingereza, na mpaka leo, umri umepita themanini, anawajua wafalme wa Kiingereza wa karne ya kumi na sita kuliko anavyowajua majirani zake wa mtaa wa Qurum, hapa Oman. Majirani yeye hawajui kwa sababu hapa kila mtu hutoka getini akiwa ndani ya gari. Wafalme anawajua kwa sababu alichapwa kwa ajili yao. Yule aliyeoa wake sita, nani katika hao alikatwa kichwa, nani aliachwa, nani alimfuata nani: habari zao huzitiririsha kama mtu asomaye uradi. Masultani wa kwao Unguja hakufundishwa, na sijamsikia akilalamika.

Kila Ijumaa baada ya sala ukoo wetu hukusanyika kwake. Wengi tulirudi Oman na wazee wetu tukiwa wadogo, Kiswahili tukaja nacho ndani ya sahani, na kwa shangazi ndiko kinakopakuliwa. Mimi ni dalali wa magari yaliyotumika. Kabla sijakaa mahali nawahesabu waliomo, kisha nawahesabu tena. Mara ya kwanza nahesabu vichwa, mara ya pili nahesabu haja zao. Pale kwa shangazi vichwa vilikuwa vingi na haja ilikuwa moja.

Shangazi hakuolewa wala hana mtoto. Kiwanja cha nyumba ile alikinunua zamani, Qurum ikiwa mchanga mtupu na watu wakimcheka. Mirathi, sheria imeshaigawa, hakuna wa kuipindua. Lakini zawadi mtu huitoa akiwa hai, ampendaye, na hapo ndipo walipokaa watu wangu na mikono yao wameikunja kwa adabu. Shangazi alilijua hilo. Katika wafalme wake wote aliyempenda hasa ni yule malkia wa mwisho, naye hakuolewa.

"Malkia yule," akisema, "hakumwambia mtu hata mmoja atamwachia nani kiti. Ndiyo maana walimpenda mpaka siku ya mwisho."

Kisha akituangalia mmoja mmoja, na sisi tukichukua halwa.

Mimi ufalme ule haujanivutia hata siku moja. Watu wenye lulu mpaka kwenye viatu, chini wametandika nyasi, mifupa wanawatupia mbwa humo humo. Ikulu zilikuwa nyingi kwa sababu kila moja ikinuka wakihamia nyingine, wapate kuisafisha. Majira ya joto malkia akiondoka na msafara wake kwenda kulala katika majumba ya watu wakubwa, akiwala mpaka wanafilisika, na wenye majumba wakigombania kuliwa. Aliyenichekesha kupita wote alikuwa mtu wa chooni. Mfalme alikuwa na mtu wa kumsindikiza chooni na kumhudumia huko, na kazi hiyo ikitafutwa na watoto wa mabwana, kwa sababu mwenye kazi hiyo ndiye aliye peke yake na mfalme, na neno lake hufika. Nilidhani shangazi anatutania. Nikamwambia mwanangu atazame kwenye simu, akaniambia ni kweli. Yaani Uingereza nzima ikimnyenyekea mtu wa kumchambisha mfalme.

Nilicheka sana, kisha nikatazama kiti cha shangazi na nani aliyesimama pembeni yake.

Alikuwa dada yangu. Alifiwa na mumewe angali kijana, hakuacha mtoto, shangazi akamwita akae naye kwa muda. Muda huo umeota mvi. Dada ndiye mwenye kujua dawa ipi ya asubuhi na ipi ya usiku, ndiye anayeishika simu ya shangazi, ndiye anayechagua udi wa kufukiza na siku ya kusema bi mkubwa leo hajisikii vizuri, njooni wiki ijayo. Shangazi alinunua kengele ya mlango ya Kichina isiyo na waya. Kitufe anacho mapajani, kengele iko jikoni, inalia kama ndege kanari. Kanari akilia, dada anakwenda. Nimemwona akiacha tonge njiani.

Jamaa walimwona pia, kwa jicho lao. Wakimletea manukato, vitambaa vya abaya, tende zilizojazwa lozi. Kila asubuhi simu yake ikijaa khabari za kumuuliza bi mkubwa kaamkaje, kataja nani, kacheka alipotajwa nani. Aliyemletea zaidi ni binamu yetu, mtoto wa shangazi mwengine aliyekwisha kufariki. Huyu alikuwa mkurugenzi serikalini, sasa kastaafu, na bado hutembea kama kwamba nyuma yake kuna mtu amebeba faili. Mkewe hutembea kama kwamba ndiye mwenye faili.

Basi ikawa hivi. Dada alimpeleka shangazi kliniki ya macho, foleni ikawa ndefu, na mbele yao alikuwepo bwana mmoja amemleta mama yake. Bwana mjane, mstaafu wa jeshi, upande wa stoo, nyumba yake mtaa wa Hail. Mwomani kama sisi, ila kwao walitokea Tabora. Wakazungumza habari za matone ya macho. Miadi ya pili wakakutana tena, na ya tatu mama yake hakuwa na miadi lakini yeye alikuwepo.

Alikuja kuposa kwa desturi, nyumbani kwangu, na kaka yake mkubwa, kanzu zao zimepigwa pasi. Hakujisifu, hakuzungukazunguka. Mimi nimezoea watu wanaopapasa gari zima kabla hawajataja bei, nikampenda kwa hilo. Dada nilikuwa nimeshamuuliza, na jibu lake lilikuwa kwamba nisivae ile kanzu yangu yenye doa siku wageni watakapokuja. Nikamwambia yule bwana kwangu mimi hakuna neno, lakini ngoja nilipeleke Qurum.

Akanitazama. "Qurum kuna nani?"

"Kuna shangazi yetu."

Akanywa kahawa yake taratibu, akasema sawa, atangoja.

Ijumaa nikalipeleka. Nilichagua wakati, shangazi amekula, amefukizwa, miguu iko juu ya mto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kutuhadithia mabinti waliokuwa wakimtumikia malkia. Walimvisha, walimfungua, walilala chumbani kwake, na kuolewa walikuwa hawawezi bila ya yeye kuwapa ruhusa. Walikuwapo walioolewa kwa siri, malkia alipopata khabari akawatia Mnarani, Mnara wa London, wao na waume zao. Alivyolisimulia ungedhani funguo za Mnara ule anazo yeye chini ya mto.

"Kwa hiyo tumwambie nini yule bwana?" nikauliza.

"Tutaona, inshallah," akasema, akaomba maji. Kanari akalia jikoni.

Nimeuziana magari na Wahindi, na Mabulushi, na watu wa Sur, sijapata kuona mtu anayejua kulikalia jambo kama yule bibi. Ijumaa iliyofuata nikaja na masharti. Dada atakuja kila siku ya pili. Tutaajiri muuguzi. Muuguzi atalala hapa hapa. Kila nilipoongeza, shangazi aliitikia kwa kichwa, akasifu fikra yangu, akasema tutaona. Nilikuwa napandisha bei peke yangu, kama mjinga aliye mnadani na hana mshindani.

Kumbe mshindani yupo. Binamu mkurugenzi alikuwa ameshafanya hesabu yake: dada akiondoka, mlango wake wa kwa shangazi unafungwa, na tende zote zile za lozi zimeliwa bure. Akaleta khabari kwamba yule bwana ana mke Tabora. Wiki ya pili mke akawa Bujumbura. Ya tatu wakawa wawili, mmoja ana kesi. Nikawajumlisha, nikawajumlisha tena: binamu angeachwa mpaka Ramadhani, yule bwana angempita mfalme wa wake sita, tena kwa mshahara wa stoo.

Mkewe binamu alipita njia yake. "Mimi sina ubaya na watu wa bara," alisema siku moja mbele ya wote, "lakini yakhe, hawa hata wali wao hauna nazi."

Shangazi alicheka mpaka akafuta macho. Wote wakacheka kwa sababu amecheka. Bibi yetu sote, aliyemzaa huyo shangazi, alikuwa Mmanyema wa bara, na wali wake haukuwa na nazi vilevile. Lakini hilo halisemwi Qurum. Dada alikuwa amesimama na dele la kahawa mkononi. Akamimina finjani iliyofuata bila ya kumwaga hata tone, na mimi nikatazama zulia.

Ijumaa ya mwisho binamu alikohoa kile kikohozi chao cha ofisini, akatangaza kwamba jambo lile limezingatiwa, na bi mkubwa hakuona maslaha. Bi mkubwa mwenyewe alikuwa amesinzia. Nikainuka nikamfuata dada jikoni, nikamkuta anaosha finjani. Nikamwambia tusikate tamaa, nimebakisha sharti moja la kumpa shangazi.

Hakugeuka. "Kaka, wewe kwenye biashara yako. Yupo anayetaja bei, na yupo ambaye mulkiya, kadi ya gari, ina jina lake. Unakwenda kwa nani kwanza?"

"Kwa mwenye mulkiya. Huyo mwengine anakupotezea siku tu."

"Na mimi si gari, usije ukanitangaza na tairi zangu. Lakini nnakuuliza. Mwanamke haozeshwi bila ya walii. Walii wangu nani?"

"Baba."

"Mungu amrehemu."

"Ammi zetu…"

"Wako wapi?"

Wamekwisha wote, na hata wangekuwepo, kaka huwatangulia. Kule ukumbini nilikuwa nimewahesabu wote, mara mbili kama ada yangu, nani ana neno na nani hana, na sikujihesabu. Shangazi wa watu anaweza kushauriwa, anaweza kununa, anaweza kusimulia Mnara mpaka alfajiri. Kuozesha hawezi. Tulimpa ufalme sisi wenyewe, kwa kukaa chini.

"Yule bwana alikuja kwako moja kwa moja," dada akasema. "Hakupotea njia. Wewe ndiye uliyemwelekeza kwengine."

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Nilidhani unajua, na unaogopa nyumba isije ikenda kwa mkurugenzi." Akanitazama sasa, usoni hasa. "Kumbe hujui?"

Nikamwambia sikujua. Ilikuwa kweli nusu, na nusu hiyo nimeishikilia mpaka leo. Kanari akalia. Dada akakausha mikono, akaenda kutoa dawa.

Nikampigia yule bwana nikiwa bado uani, viatu mkononi. Jumatatu baada ya alasiri, msikiti wa kwao Hail. Asubuhi yake, dada akiwa kwangu tangu usiku, nilikwenda Qurum peke yangu, maana mtu mzima haachwi akayasikia mambo kwa watu.

"Shangazi, leo namuozesha dada. Nimekuja kukupa khabari. Ruhusa sikuja kuomba."

Mkono wake ukawa unakitafuta kitufe mapajani, ukakipata, haukukibonyeza. "Malkia angewatia Mnarani. Na wewe pia."

"Mnara wetu uko Hail, shangazi. Una kiyoyozi, na wewe una chumba chako siku utakayotaka kuja."

Nilipofika mlangoni aliniuliza kama dada amekula chochote asubuhi. Nikamwambia amekula.

Msikitini tulikuwa wachache. Shekhe akaniuliza, nikajibu, mkono wangu umo ndani ya mkono wa yule bwana, na mkono wake ulikuwa na jasho. Sijapata kufanya biashara fupi kama ile. Kila nilichokitafuta Qurum Ijumaa baada ya Ijumaa kilipatikana kabla taa ya msikitini haijawashwa.

Ijumaa ya pili baada ya ndoa dada alikuja na mumewe. Alikaa mlangoni karibu na viatu, mahali pangu pa siku zote, akanisukuma nikasogea. Jamaa wakamwamkia kwa mbali, kama mtu aliyetoka hospitali na haijulikani alikuwa na nini. Kiti cha shangazi sasa kilikuwa na mlinzi kila upande, binamu huku na mkewe kule, kila mmoja anamwangalia mwenzake.

Kanari akalia. Bega la dada likainuka peke yake. Nililiona, mumewe akaliona, akakitazama kikombe chake. Dada akalirudisha bega pole pole. Binamu na mkewe wakanyanyuka pamoja, wakapigana vikumbo. Shangazi alitaka kwenda chooni. Mke akamshika mkono, na mkurugenzi, aliyekuwa akitia saini kwa kalamu ya dhahabu, akafuata nyuma amebeba ndara za shangazi kwa mikono miwili. Alisimama nje ya mlango wa choo, kifua mbele, akingoja. Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, nami nilicheka ndani ya kilemba.

Waliporudi shangazi alimtazama dada, na dada akafanya kama anayetaka kuinuka.

"Kaa, mwanangu," shangazi akasema. "Wewe sasa mgeni." Kisha kwa binamu, bila ya kugeuza kichwa: "Mtilie kahawa."

Mkurugenzi akachukua dele. Kwa desturi yetu mwenye kumimina husimama na humimina mpaka mgeni atikise finjani kwamba imetosha. Akamimina, dada akanywa, akaitoa finjani mbele bila ya kuitikisa. Akamimina tena. Dada akanywa taratibu, huku akimuuliza mumewe kama mama yake amepata matone yake ya macho. Akaitoa tena. Binamu amesimama, mgongo umepinda, jasho linamtoka kwenye masikio. Mara ya tatu alipomimina nilidhani sasa ataitikisa.

Hakuitikisa.