Utomvu wa mnyaa ulivyonipatia mama wa pili kando ya Ziwa Nyasa

Wakuu, nawaamkia wote. Ninayoyaandika yalinipata mwenyewe, na sijatia chumvi.

Miaka ya vijiji vya ujamaa, nikiwa nimetoka tu chuo cha ualimu, nilipangiwa shule kijijini kando ya Ziwa Nyasa, mwendo wa kutwa nzima kutoka Mbinga mjini. Niliamini kwa dhati kwamba kijiji kipya lazima kionekane kipya.

Uzio wa shule ulikuwa wa minyaa, ule mmea wa vijiti vya kijani wenye utomvu mweupe. Ulijikunja kama njia ya mbuzi. Nikaamua tuunyooshe.

Asubuhi ya kazi hiyo Agnesi, mwanakijiji mwenye mtoto mchanga, alichelewa kazi ya pamoja. Nilimkemea mbele ya watu: "Ndugu, ujamaa hausubiri mtu amalize kunyonyesha."

Alilitazama panga langu. "Mwalimu, upepo wa ziwa umeshaamka. Minyaa haikatwi upepo ukikupiga usoni."

Nikamjibu kwamba chuoni hatukufundishwa kuogopa miti. Nikaanza kukata, maana kiongozi hutangulia.

Pigo la tatu, utomvu ukaruka machoni.

Uchungu ule sijui niulinganishe na nini. Niliwaza jambo moja tu: mwalimu asiyeona atafundisha nini?

Walinikokota hadi ziwani, wakaniosha macho ndoo baada ya ndoo. Kisha Agnesi akanilaza mapajani, akanikamulia maziwa yake machoni, kama ilivyo desturi huko. Mwanawe alikuwa pembeni akilia njaa.

Nilikaa zahanati siku mbili, macho yamefungwa kitambaa. Mganga alisema kilichoniokoa ni yale maji mengi ya mwanzo. Kitambaa kilipofunguliwa nilisoma ukuta mzima, hata tangazo la dawa ya minyoo.

Agnesi akaja kunijulia hali. "Umekula maziwa ya mwanangu," alisema, "sasa nawe ni mwanangu. Ukichelewa shambani nitakuchapa." Foleni yote ya wagonjwa ikacheka.

Tulilingana umri, lakini tangu siku hiyo nilimwamkia "Shikamoo mama," naye akaitikia "Marahaba" bila kusita.

Uzio tuliuacha na mikunjo yake. Mkutanoni nilipendekeza mwenyewe kazi ianze watoto wakishanyonya.

Funzo nililolipata: kabla ya kushika panga, waulize walioishi na mmea huo. Utomvu ukiingia jichoni, maji mengi kwanza, kisha hospitali.

Je, bustanini kwenu kuna mmea gani wa namna hii? Andikeni, nitasoma kila jibu. Macho bado yananiruhusu.