Ndama Aliyetulainishia Nguo

Enzi zetu nguo mpya ilimkwaruza mtu kwanza, ndipo ikamsitiri. Wenzangu mliovaa marekani, ile pamba nzito ya dukani, wakati wa Mwingereza mnajua ninachosema. Ukitoka nayo kwa fundi cherehani ilikuwa ngumu kama gome la mti. Ukiinua mkono, kwapa linawaka. Siku hizi naingia dukani Makambako na mjukuu wangu, anasimama mbele ya chupa za dawa ya kulainisha nguo kama mtu anayechagua mchumba. Anafungua kizibo, ananusa, anafunga, anafungua nyingine. "Babu, hii inanukia maua ya mlimani." Maua ya mlimani! Mimi nimezaliwa mlimani, na ninavyokumbuka, kulinuka moshi na ng'ombe.

Sisi kilainishi chetu kilikuwa mgongo wa mama. Kitambaa kipya hakikukimbizwa kwa fundi. Mama alikibebea mtoto kwanza, msimu mzima, akakifua mtoni na kukipiga juu ya jiwe mpaka kikalegea. Ndipo kikashonwa shati au gauni. Kwa hiyo pale kwetu, kati ya Makambako na Njombe, ukitaka kujua kama mtoto ana mama, hukuuliza. Ulishika shati lake tu.

Sisi hatukuwa naye. Baba alitangulia, mama akamfuata, nami nikaacha shule darasa la tatu nikabaki na wadogo zangu wawili: Eliza, na Enoki, ambaye wakati huo meno ya mbele yalikuwa yamemtoka. Nililima, nikapika, nikafua. Wasichana mtoni walinicheka. "Mwoneni bibi harusi! Utaolewa lini, mwenzetu?" Niliwajibu kwamba bado sijampata mwanamume anayefua vizuri kama mimi.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno, habari ikaja. Baba mkubwa aliyekaa Ilembula na shangazi wa Mdandu wangefika Jumapili kutuangalia. Maana ya kutuangalia tuliijua. Eliza angechukuliwa kwenda Mdandu, Enoki Ilembula, nami ningebakiziwa nyumba na kuku. Shangazi alikwisha kusema mbele za watu, "Mvulana anajua nini habari za watoto? Hata kufua hajui. Nguo zao zitakuwa mbao." Na kweli, nilikuwa nimewashonea shati na gauni la marekani mpya, moja kwa moja kutoka dukani, bila mgongo wa mtu.

Nikatembea mpaka Makambako kwa dobi mmoja aliyefua nguo za wasafiri. Nikamwambia nataka nguo za wadogo zangu zipendeze mbele ya wakubwa. Nilipaswa kusema zilainike, lakini neno hilo sikuwa nalo. Kiswahili changu nacho kiliishia darasa la tatu.

"Tia wanga," akasema dobi. "Pika wanga mwepesi, chovya nguo, anika, piga pasi. Watakaowaona watasema ni watoto wa karani."

Wanga wake ulikuwa wa muhogo. Kwetu kwenye baridi muhogo hauoti, nikatumia unga wa mahindi. Na kwa kuwa wanga mwepesi niliuona ni uvivu, nikaupika mzito.

"Kaka," Eliza akasema akichungulia chungu, "nguo zinakunywa uji?"

"Zinakunywa wanga."

"Na sisi tutakunywa nini?"

"Koroga, uache maneno."

Nguo zilipokauka nililichukua shati la Enoki nikalikunja, likakataa. Nikaliweka chini, likasimama lenyewe, mikono imetanuka, kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani. Enoki akalivaa, akashindwa kushusha mikono. Akazunguka uani akilia, "Kaka, nimekuwa msalaba!" Tulicheka mpaka tukaketi chini. Kisha mimi nikaacha kucheka, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumapili.

Tukaanza kutafuta cha kulainishia. Eliza alishauri mafuta ya nyonyo, kama wazee walivyofanya kwa ngozi. Nikajaribu kwenye upindo wa gauni, ukawa mweusi na inzi wakakusanyika kama wameitwa mkutanoni. Enoki alishauri tuzikanyage. Tukazikanyaga, zikalia kwa, kwa, kwa, zikabaki vilevile. Kuzifua upya? Sabuni ilikuwa imekwisha, na akili yangu iliniambia kwamba bila sabuni hakuna kufua. Nikazirudisha juu ya ua, tukaenda kutafuta kuni.

Tuliporudi, ndama wetu alikuwa ameingiza mkono mzima wa shati mdomoni. Gauni alikwisha kulitafuna, akalitema. Nikainua fimbo, Eliza akanishika. "Ngoja, kaka. Shika kwanza."

Nikashika. Ulimi ule unaokwaruza kama msasa ulikuwa umelamba uji wote, mbele na nyuma, na kuitafuna marekani mpaka imelegea kama kitambaa cha miaka mitano. Tukamwachia ndama amalizie na kola. Kisha tukazisuuza kwa maji matupu, tukazikausha jikoni juu ya moto.

Jumapili wakaja. Baba mkubwa alikuwa mzee wa kanisa, lakini ujanani alikata mkonge Tanga, na huko alipata vitu viwili: koti la mvua na Kiswahili. Mtoto aliyemjibu kwa Kibena alimrudisha aanze upya. Shangazi hakuwa na habari na Kiswahili. Alisalimu kwa Kibena, "Kamwene," akamvuta Enoki, akalishika shati, akalipitisha shavuni. Akalipitisha na kwenye shavu la pili.

"Nani amelainisha hili?"

"Jibu kwa Kiswahili, mtoto," akasema baba mkubwa.

Enoki akasimama wima. "Nguo zilikuwa na wanga, baba mkubwa. Wanga wengi sana! Lakini ndama wetu amewala wote."

Angesema wanga mwingi, na ndama ameula, mambo yangeishia hapo. Lakini Kiswahili cha baba mkubwa kilikuwa cha Tanga, na Tanga wanga ni wale wanaotembea usiku kuloga watu, hao ambao sisi Wabena tunawaita vahavi. Akasogeza kigoda nyuma. Akamtazama ndama, ndama naye akamtazama, akijilamba pua. Mzee wetu wa kanisa, aliyetuhubiria miaka yote kwamba mambo hayo hayapo, akainama kwa Enoki na kuuliza kwa sauti ya chini:

"Wangapi?"

"Wote," akasema Enoki. "Hata waliokuwa kwenye kola."

Ilibidi Eliza aeleze yote kwa Kibena, kuanzia kwa dobi mpaka kwenye kola. Shangazi alicheka hadi kilemba kikamdondoka. Alipotulia akauliza, "Sasa uji mlizipa nguo. Ninyi mlikula nini?"

"Viazi," akasema Eliza. "Kaka alitugawia. Yeye alisema hana njaa."

Shangazi akafunga kilemba polepole, akamgeukia baba mkubwa. "Hawa hatuwagawi."

"Lakini mvulana peke yake…"

"Huyu alikosa mgongo wa mama, akatafuta ulimi wa ng'ombe. Ukimwondolea watoto atatafuta nini?"

Wakala, wakaomba, wakaaga. Baba mkubwa alibaki nyuma kidogo, akaniambia kwamba ndama yule akikua na kuzaa, nimkumbuke yeye kwa mtoto wake mmoja.

Tukabaki watatu, na ile marekani ikarudia ugumu wake kila ilipofuliwa. Lakini ilikuwa na faida moja ambayo chupa za mjukuu wangu hazinayo. Ililia. Nikiwa jikoni nimewapa mgongo, nilijua kwa mkwaruzo tu kwamba huyu anayepita uani ni Eliza, na huyu anayekimbia ni Enoki. Watoto wa siku hizi wanavaa nguo laini, zinazonukia vizuri. Mmoja baada ya mwingine wanaondoka nyumbani, wala husikii.