Jina Nililolifuta Likarudi

Kabla sijaanza, nakuomba kitu kimoja: usiniambie nilikuwa nimesinzia. Mume wangu ameshasema hivyo. Pasta amesema hivyo hivyo kwa upole wake, na dada yangu wa Nyanchwa anadai ni njaa tu. Nimechoka kuwajibu. Ilikuwa mchana, taa inawaka, nimekula nikashiba, na nilikuwa na hasira. Umewahi kumwona mtu mwenye hasira akisinzia?

Nina duka dogo la kuchapa hapa Kisii mjini. Kazi inayonilisha ni vijitabu vya mazishi. Wafiwa ni watu wa kuhurumiwa, lakini niamini, hakuna wateja wasumbufu kama wao. Asubuhi mazishi ni Alhamisi, mchana yamesogezwa, jioni shangazi fulani anapiga simu akilia kwamba jina lake limekosewa. Ndiyo maana nilijitengenezea kiolezo changu. Kwenye programu ya kuandikia, ukifungua sifa za hati, unaweza kuongeza sifa zako mwenyewe, yaani visanduku vya kujaza maelezo. Mimi niliongeza jina la marehemu, siku ya mazishi, mjane, watoto. Najaza pale mara moja, nasasisha, na kila ukurasa unajijaza, kuanzia jalada hadi sala ya mwisho. Mtu akibadilisha neno, nalibadilisha mahali pamoja tu. Nilidhani nimemaliza kusumbuliwa. Mawazo yangu hayo!

Siku hiyo nilikuwa na kazi ya Mwalimu Ombati. Baba yake, Mzee Nyakundi, mkulima wa chai kule Manga, alikuwa amefariki. Mwalimu alinisomea majina ya watoto, yeye akiwa wa kwanza, akakagua kwenye skrini, akasema sawa. Akaenda kumchukua mama yake ili waje wabebe vijitabu pamoja.

Hapo ndipo mvua ya Kisii ikashuka, ile ya mchana isiyobisha hodi. Barabara ikageuka mto mwekundu. Akaingia mwanamke mrefu wa makamo, akasimama mbele ya meza yangu.

"Dada, watoto wa tata hawajatimia," akasema.

Tata kwa Kigusii ni baba. Nikamuuliza baba gani.

"Nyakundi. Mimi ndiye wa kwanza. Umeniacha nje."

Moyoni nikasema, haya, tumeanza. Nikamwambia mwenye kazi ni Mwalimu, na mimi siongezi mtu bila ruhusa yake. Akakaa kwenye benchi, kama mtu aliyezoea kusubiri. Nikampigia Mwalimu simu.

"Wa kwanza ni mimi!" akafoka. "Madam, mfukuze huyo. Kuna watu huzunguka kwenye matanga wakitafuta shamba. Kesho ataleta na wakili."

Sikuona haja ya kumficha. Nikamwambia mwanamke yule, "Anasema unatafuta shamba."

"Sina haja na shamba," akajibu. "Mahali pangu ninapo, nyuma ya migomba. Niandike tu, Kwamboka."

Akanyoosha mkono akaushika wangu. Sikiliza sasa. Mwanamke wa umri ule, wa Manga, amechuma chai maisha yake yote. Viganja vyake vinapaswa kukwaruza kama gome. Vya huyu vilikuwa laini kabisa, laini kama vya mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa. Na ndipo nikaona kwamba gauni lake halikuwa na tone la maji. Viatu hakuwa navyo, na nyayo zake zilikuwa kavu, safi.

Nikautoa mkono wangu. Nikageukia mashine nikaamuru ichape, ili nipate tu kitu cha kutazama. Nilipogeuka tena, benchi lilikuwa tupu. Nikachungulia nje. Hakukuwa na mtu barabarani.

Nakala ya kwanza ikatoka. Kwenye jalada: baba wa Kwamboka, Ombati, na wengine. Ndani: Kwamboka. Kwenye shukrani: Kwamboka. Nikafungua sifa za hati, na pale penye watoto jina lilikuwa limekaa mbele ya yote. Wallahi sikuligusa! Nikalifuta, nikasasisha, nikachapa. Kwamboka. Nikafuta tena, nikafunga faili, nikafungua kiolezo kitupu nikaanza upya. Kwamboka akanitangulia hata kabla sijaandika jina la marehemu. Unajua, nilikasirika kabla ya kuogopa. Nikaipigia kelele mashine: "Wewe mama, si nimekwambia usubiri mwenyewe?"

Mwenyewe akaingia wakati huo huo, ameloa, amemshika mama yake mkono. Akachukua nakala akaisoma kwa sauti, na alipofika kwenye jina hilo sauti ikapanda.

"Madam, nilikwambia nini? Huyu Kwamboka ni nani?"

Mama yake akajishikilia kwenye meza. "Ombati, rudia jina hilo."

"Kwamboka, mama. Ni makosa, atalifuta."

"Asifute," mama akasema.

Akakaa pale pale kwenye benchi. Akatueleza polepole, Kigusii na Kiswahili vikichanganyika. Kabla ya Ombati alizaa msichana, njiani, akiwa amevuka mto kwenda kwao. Ndiyo maana akamwita Kwamboka, yaani kuvuka. Mtoto akaishi majuma machache tu. Mumewe akamzika nyuma ya migomba, na wazee wakawaambia wasilitaje jina lile tena, wazae wengine. Wakanyamaza. Waliolijua wote, ila yeye, wameshakufa, wa mwisho akiwa mzee mwenyewe.

Kisha akanitazama. "Wewe umemwona?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Amekua?"

"Amekua, mama. Ni mrefu kama Mwalimu."

Akacheka huku machozi yakimtiririka. Ombati alisimama na karatasi mkononi, mtu mzima aliyekuwa kifungua mimba maisha yake yote, na sasa ana dada mkubwa. Akanirudishia ile nakala, akasema, "Chapa zote hivyo."

Walimzika Mzee, na jina la Kwamboka likasomwa la kwanza mbele ya watu wote. Nilisikia kwamba wajomba walinung'unika. Mama hakuwajali.

Tangu hapo jina lile halijarudi kwenye mashine yangu. Lakini mimi ndiye ambaye siko sawa. Nimeongeza sifa nyingine kwenye kiolezo, ya watoto waliotangulia, na kila familia naiuliza. Kazi ya saa moja inakula siku nzima. Wengine wananitukana, kwamba nachimba mambo ya watu. Wanaume hujibu haraka, "Hakuna." Wanawake hunyamaza kwanza, na wengine hulia hapo hapo dukani, nikaacha kuchapa nikawatafutia chai. Mume wangu anasema nifunge nikauze ndizi. Kuna siku namwona ana akili.

Kwa hiyo wewe unayechapa vijitabu vya wafiwa, popote ulipo, usichukue majina kwa mtoto wa kiume mwenye haraka. Mngoje mama, mkalishe, umuulize amezaa wangapi. Usimuulize ana wangapi.