Furushi Nililolifungua Mbele ya Wageni wa Mbwawa

Sasa nacheka, lakini aibu ya siku ile bado ninayo, na mpaka leo nikisikia mtu ametoka Mbwawa huwa navuta kanga usoni, maana sijui kama alikuwemo chumbani au alisimuliwa tu.

Miaka ile ya Mwingereza nilikuwa nakaa Ilala, na kukaa mjini bila motokaa (nani kati yetu alikuwa nayo?) ilikuwa ni kuishi kwa miguu na kwa hisani ya madereva wa malori, kwa sababu ndugu zako wametawanyika, dada yuko Magomeni, shangazi yuko Pugu, na mwari wangu Zaituni yuko kwao Mzenga, mbele kabisa ya Kisarawe, na ndiye aliyekuwa anaolewa. Mimi nilikuwa somo yake, ndiye niliyemfunda. Nguo zake zote za harusi, pamoja na chupa ya marashi, nilizitafuta mimi mjini, nikazifunga furushi katika shuka jeupe jipya, nikaenda nalo asubuhi mapema mahali lori la Maneromango linapopakia.

Kosa lilikuwa dogo tu. Dereva aliniambia, "Mama, mbele kuna nafasi moja, lakini mzigo uende nyuma." Ningekuwa na akili ningekaa nyuma na wenzangu, furushi mapajani. Lakini mimi nikataka nipite Kisarawe nimekaa mbele kama mke wa bwana mkubwa, watu wanione! Nikampa furushi mwanamume mmoja aliyekaa nyuma kimya, nikamwambia, "Kaka, nishikie." Akaitikia kwa kichwa bila kunitazama.

Kwenye njia panda ya Mzenga nikashuka, yule kaka akaniteremshia furushi jeupe, nikajitwika, lori likaenda zake. Sikulitazama hata kidogo (nilikuwa nageuza shingo kuona nani ameniona nikishuka mbele).

Nyumbani kwa bi harusi chumba kilikuwa kimejaa. Upande mmoja wa mkeka walikaa wanawake wa bwana harusi, waliokuwa wametembea tangu jana kutoka Mbwawa, na mkubwa wao alikuwa Bi Tatu, shangazi ya bwana harusi, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Nilivaa kanga zangu nyekundu, nikatia asumini kichwani, nikaingia na furushi langu.

"Haya somo," akasema Bi Tatu, "tuonyeshe ulichomletea mwari."

Vigelegele vikapigwa, nami nikafungua kwa madaha, fundo moja, fundo la pili, nikashika kilichokuwa juu nikakiinua ili hata wa mlangoni waone. Ilikuwa bafta nyeupe, ndefu, haijashonwa. Chini yake kulikuwa na pamba, na harufu ya kafuri ikajaa chumba kizima.

Vigelegele vilikatika mara moja. Zaituni akafunika uso. Mama yake akaniuliza kwa sauti ndogo, "Amina, umetuletea nini?"

Bi Tatu alikwisha simama. "Sisi tumetembea tangu jana, mnatupokea kwa sanda?" Na wenzake wakaanza kukusanya kanga zao, mmoja mmoja, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nilijaribu kueleza, lori, yule kaka, nafasi ya mbele, na katikati ya maneno likanijia wazo: mahali fulani kuna maiti imelazwa na sanda yake ninayo mimi.

Mama yake Zaituni akaliona hilo kabla sijalisema. "Kairudishe," akasema. "Wageni wetu niachie mimi."

Baba mdogo wa bwana harusi alikuwa na baiskeli, akakubali kunipeleka. Basi nifikirieni, mwanamke mzima nimekaa kwenye keria, kanga nyekundu, hina mikononi, asumini kichwani, nimekumbatia sanda, naelekea msibani! Mchanga ulikuwa mwingi, kila kilima nashuka nakimbia, na moyo unaniambia wameshachelewa kuzika kwa ajili yangu.

Hatukufika Maneromango. Tulimkuta njiani yule kaka, anakuja mbio kwa miguu, furushi langu begani. Nikaanguka magotini, nikasema, "Nisamehe, kaka. Nani amekufa?"

"Mama," akasema. "Wewe huna kosa, dada. Nilikupa la kwangu kwa mkono wangu mwenyewe. Sikuwa naona kitu."

Tukabadilishana. Akageuka aende, halafu akasimama. "Ila ninaomba radhi. Waoshaji walikuta chupa ya marashi humo juu, kabla ya kuona nguo, wakadhani nimeleta mimi, wakammiminia mama yote. Sijui nitairudishaje."

Nilimwambia tu, "Hayo ni yake," nikalia kuliko nilivyolia mbele ya wageni.

Tuliporudi tuliwakuta wa Mbwawa hawajaondoka, ila wamekaa uani, mizigo yao imefungwa. Bi Tatu alinipokea furushi, akalipekua kitu kimoja kimoja, akauliza, "Na marashi?" Nikamweleza yalikokwenda. Akaiendea mizigo. Nikajua sasa ndiyo basi, wanaondoka. Kumbe alikwenda kutoa kichupa chake mwenyewe katika mizigo yake, akaingia ndani akampaka Zaituni mabegani taratibu, akawaambia wenzake wafungue mizigo. Ndoa ikafungwa baada ya alasiri.

Kabla ya kuagana aliniita pembeni. "Somo," akasema, "siku nyingine fungua kwanza chumbani, peke yako."

Nimemtii. Tangu siku ile mzigo wowote ukiletwa kwangu, hata ukiwa wa mihogo, naingia nao ndani kwanza, naegesha mlango, nachungulia. Wajukuu wananicheka. Waache wacheke.