Nyundo na Matumbawe ya Kigeni

Mzamiaji mmoja, jina la utani Nyundo, aliajiriwa kuvunja matumbawe ya kigeni yaliyovamia mwamba. Basi aliyatwanga mpaka yakawa vipande, akaviacha humo humo, akarudi nyumbani kifua mbele. Kumbe kila kipande kilishika mwamba kikaota upya! Mgeni mmoja akawa ukoo mzima, na samaki wenyeji wakahamia humo kama wapangaji.

“Baba watoto,” mkewe aliposikia akamuuliza, “wewe unavunja au unapanda?”

Bosi akazama na Nyundo kukagua. Alipoibuka, akamfukuza kazi palepale, maji bado yanamchuruzika. Nyundo anavua miwani ya kuzamia, roho imemsinyaa, bosi akamwita tena.

“Hebu ngoja wewe. Matumbawe ya kwetu kila tukiyapanda yanakufa. Kayavunje na hayo!”