Mtoto wa Mwezi wa Nne

Saa mbili asubuhi, Buzebazeba, Ujiji. Hamdani Khalfani anafunga kamba ya mizani kwenye boriti ya baraza la zahanati, anaivuta kwa uzito wake wote kuona kama itashika, ndipo anamwita mtoto wa kwanza.

Akina mama zaidi ya sitini wamekaa sakafuni na watoto wao. Nusu ni wenyeji, nusu wamevuka ziwa kutoka Kongo tangu vita vianze mwaka jana. Mizani ni moja. Ya pili wakubwa waliiahidi tangu Julai, na wameshapita hapa mara tatu, kwenye gari, vioo vimefungwa.

“Baba mkunga, usimwangushe mwanangu,” mama mmoja anamtania.

“Wako akianguka, sakafu ndiyo itaumia,” anajibu Hamdani. Baraza lote linacheka.

Ana miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Ujiji, shule aliishia darasa la nne. Kwenye karatasi, kazi yake ni kupima uzito na kufagia. Lakini wiki hii ya mwisho wa Machi 1997, hapa barazani wanamtaja kwa jambo jingine: Oswald, mtoto wa Elida.

Elida alifika kwa boti mwezi Desemba akiwa na watoto watatu, akapokelewa na shangazi yake Ujiji. Oswald ndiye mdogo. Kadi yake inasema amezaliwa Aprili 1996, kwa hiyo sasa ana miezi kumi na moja. Hasimami, hatambai, na uzito wake, kilo sita na nusu na kidogo, unaangukia kwenye rangi ya kijivu ya kadi, ya watoto wenye uzito pungufu.

Mkubwa mmoja aliyekuja kukagua aliitazama kadi, mtoto hakumtazama. Akaandika kwamba amedumaa akili na mwili. Ijumaa gari limpeleke kambi ya wakimbizi na mama yake, wakae wodi ya utapiamlo miezi mitatu. Wale wawili wengine wabaki.

“Shangazi ni mgonjwa, hawezi hata kuteka maji,” anasema Elida. “Wanangu ningewaachia nani? Nililia hapo hapo mbele ya mizani.”

Hamdani ndiye aliyekuwa amemshika mtoto. Anasema mikono yake ilikataa ile kadi.

“Alikaa mwenyewe, mgongo umenyooka, ila akigeuka anayumba. Nikampa kifuniko cha chupa, akakihamisha mkono huu kwenda huu. Nikamwekea punje ya wali uliopoa kwenye mkeka, akaikokota kwa kiganja kizima. Wa miezi kumi na moja haokoti hivyo. Anaokota kwa vidole viwili, kama mtu anachambua dagaa.”

Haya hakuyasoma popote. Mkewe Zuhra alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua, miaka kumi na sita iliyopita. Gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. La bosi lilikuwa nayo. Hamdani akabaki na kichanga, Shadya, na hofu.

“Kila kukicha namtazama: leo kafanya nini ambacho jana hakufanya? Siku alipocheka kwa sauti niliamsha majirani. Mwaka mzima nilikuwa mwanafunzi wa mtoto mmoja. Hao wenye vyeti wamejifunzia wapi?”

Basi akamwuliza Elida: ulipoandikishwa pale ufukweni, karani alikuuliza nini?

“Aliniuliza mtoto ni wa lini,” Elida anakumbuka. “Nikamwambia, papa, huyu ni mwezi wa nne.”

Kwa Kiswahili cha kwao “papa” ni baba, na kwa “mwezi wa nne” alitaka kusema mtoto ameingia mwezi wake wa nne. Karani akaandika Aprili.

“Na mvua ya kwanza ilikukuta wapi?” Hamdani akauliza.

“Kitandani. Nilikuwa na siku tatu tu tangu nijifungue.”

Kwao, ng'ambo ya ziwa, mvua huanza katikati ya Septemba. Septemba, basi. Oswald ana miezi sita na nusu, na kwa umri huo uzito wake uko kwenye kijani, chini chini, lakini kijani.

Jumanne Hamdani alikwenda kwa mkubwa yule. Akajibiwa kuwa tarehe ya serikali haifutwi na mfagiaji. Jumatano akarudi, akasubiri mlangoni mpaka saa tisa, akaambiwa mzee ametoka. Alhamisi alimfuata nesi Margareta, ambaye mamlaka ya kutoa kadi mpya anayo, ila alikuwa akiogopa bosi.

“Nilimwambia, dada, usiniamini mimi. Mkalishe mtoto mkekani, umwekee wali.”

Nesi akamkalisha. Mtoto akaikokota punje kwa kiganja kizima. Akachukua kadi tupu, akaandika Septemba, akaenda mwenyewe kulikata jina la Oswald kwenye orodha ya gari. Ijumaa gari liliondoka bila Elida. Radhi hakuna aliyeomba.

“Mimi nilishaanza kutomsemesha,” anasema Elida, akimfunga Oswald mgongoni. “Nilijua hasikii. Sasa nambwabwajia siku nzima, na yeye ananijibu ba-ba-ba. Baba yake hata hayupo.”

Hamdani bado hajaridhika. Tangu Ijumaa amekuta kadi nne nyingine za “Aprili”, zote za boti za Desemba. Ameomba awe anakaa na karani ufukweni Jumatatu, siku yake ya mapumziko, boti zinapofika. Amejibiwa akapime uzito.

“Nitakwenda,” anasema. “Nitamwuliza kila mama, huyu alizaliwa kabla ya mvua au baada, meno mangapi, anakaa au bado. Wakinifukuza mezani nitaingia majini mpaka magotini, niwaulize kabla hawajashuka.”